Kwa nini dinosau wa 1993 anatisha kuliko madude ya picha za siku hizi?

#1 MwanaLangoni
Asalam aleikum wadau. Ijumaa usiku ami yangu hapa Langoni alitundika shuka jeupe uani, akaazima projekta, watoto wa mtaa wakajaa mpaka kwenye ngazi. Tukaanza na picha mpya ya mashujaa, zile ambazo mji mzima unaporomoka na mbingu inapasuka katikati. Watoto wanapiga soga, wengine wanagombania njugu, mmoja kalala. Kisha ami akatia Jurassic Park. Pale dinosau mkubwa anapotoka kwenye seng'enge na mvua inamwagika, ua wote kimya. Mtoto wa dadangu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

Sasa nielezeni. Kompyuta za 1993 zilikuwa dhaifu kuliko simu niliyoishika hapa. Leo mtu ana mamilioni ya dola na vyumba vimejaa mashine, anatoa dude linalofanana na puto. Mimi nasema CGI, yaani picha za kutengenezwa kwa kompyuta, imerudi nyuma. Anayepinga aje na hoja, si kelele.

#2 KobeWaWatamu
Wa aleikum salaam. Jibu fupi: uliiona ukiwa mdogo. Kila kitu cha utotoni ni kitamu, hata maandazi ya kantini ya shule.

#3 MwanaLangoni
@KobeWaWatamu hao watoto waliokuwa uani hakuna aliyezaliwa kabla ya 2012. Wameanza kuiona siku hiyo hiyo. Leta jingine.

#4 Mhariri_Barani
Tuanze na hesabu kabla ya ugomvi. Picha yenyewe inapita saa mbili. Dinosau wote ukiwajumlisha wanaonekana kama dakika 15 tu, na katika hizo, zilizotengenezwa kwa kompyuta ni kama 6. Zilizobaki ni madude ya mpira na chuma kutoka karakana ya Stan Winston. Yule mkubwa alikuwa na urefu wa mita 12 hivi, anaendeshwa kwa mitambo ya mafuta kama ya greda. Ile mvua iliwatesa kwelikweli: ngozi ya mpira ilikuwa inanyonya maji, dude linakuwa zito, linaanza kutetemeka lenyewe, na mafundi wanasimama kulikausha kwa taulo kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo mpwa wako, kwa sehemu kubwa, aliogopa mpira uliolowa.

#5 BintiMkomani
😂😂 Mpira uliolowa! Lakini Mhariri hapo umemsaidia yeye. Yeye anasema za zamani ni bora, wewe unamwambia za zamani hazikuwa kompyuta.

#6 Mhariri_Barani
Nasema walijua lini waitumie na lini waiweke kando. Dude likikaribia uso wa mtu, mpira. Likikimbia mwili mzima, kompyuta. Usiku na mvua vikafunika mishono. Siku hizi mwongozaji anapiga kila kitu mbele ya pazia la kijani, lile ambalo kompyuta hulibadilisha baadaye, halafu anasema tutaamua mbele ya safari.

#7 Shabiki254
Nyinyi mnakuza sana hiyo picha. Sawa, ndiyo ya kwanza kutumia kompyuta, lakini

#8 Mhariri_Barani
@Shabiki254 nakukata hapo hapo. Si ya kwanza. Tron ilitoka 1982 ikiwa na dakika kadhaa za kompyuta tupu. Terminator 2 ilikuwa 1991, yule polisi wa zebaki anayepita kwenye nondo. Na hata hiyo, vipande vya kompyuta ni kama dakika 5 tu kwenye picha nzima.

#9 Shabiki254
Haya mwalimu. Ningemaliza sentensi ungeona nilikuwa nakuunga mkono.

#10 FundiTivii_Malindi
Nyote mnailaumu Hollywood, na mimi nikiingia majumbani mwa watu nakuta tatizo liko kwenye rimoti.

Sinema hupigwa fremu (picha tuli) 24 kwa sekunde. Ndivyo ilivyo tangu picha zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920. Tivii yako mpya inaonyesha 60 au 120. Kule kiwandani wameweka programu inayobuni fremu za katikati, fremu ambazo hakuna kamera iliyozipiga, ili mechi ya mpira ionekane laini. Kwa mechi sina neno. Kwa picha, kila kitu kinateleza kama tamthilia ya saa kumi jioni, na dude la kompyuta linaonekana limebandikwa kwa gundi. Samsung wanaiita Auto Motion Plus, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwaomba watu waizime. Izimeni kwanza, kisha mje mlalamike.

#11 MwanaLangoni
Fundi, hoja tamu, lakini soma #1 tena. Tulitumia projekta na shuka la kitanda. Ile projekta hata kitufe cha sauti kimeng'oka, itabuni fremu wapi?

#12 FundiTivii_Malindi
Basi ni faili lako. Hiyo picha mpya uliipata wapi, na ilikuwa na ukubwa gani? Usijibu hadharani 😄. Picha ya saa mbili na nusu ikibanwa mpaka itoshe kwenye flashi ya rafiki, vitu vya kwanza kufa ni moshi, vumbi, giza na maji. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo picha mpya zimejaa. Ukiona mbingu imekatika vipande vya mraba, hujaona kazi ya aliyeitengeneza.

#13 MwanaLangoni
Sijibu hadharani.

#14 BintiMkomani
Naongezea kwa Fundi. Peter Jackson alipotoa The Hobbit mwaka 2012 aliipiga kwa fremu 48, makusudi, ili iwe laini zaidi. Watu wakatoka ukumbini wanalalamika kwamba mapanga yanaonekana ya plastiki na ndevu za kubandika. Wala haikuwa tivii mbovu, ni ukumbi wa kisasa. Jicho likionyeshwa zaidi ya lilivyozoea, linaanza kukagua.

#15 Nahodha_Mstaafu
Hamjambo wanangu. Mimi si mtu wa kompyuta, mjukuu wangu ndiye anayenisomea. Lakini bahari naijua.

Kila picha yenye chombo baharini naiangalia kwa kitu kimoja: maji yaliyo nyuma ya tezi, yaani mkiani mwa chombo. Chombo kikienda joshi, kikipanda upepo, kinaacha njia, maji yanazunguka, povu linabaki kitambo halafu linakatika. Siku hizi naona jahazi linapasua mawimbi makubwa kama nyumba na nyuma yake maji yametulia. Kisha tanga limejaa upepo wa kulia, na povu juu ya mawimbi linaelekea kulia huko huko upepo unakotoka. Huo upepo gani? Na mtu aliyeshika demani, ile kamba ya tanga, amesimama wima kama yuko msikitini, chombo kinakwenda mrama wala goti halikunji.

Bahari ya kusi ina mawimbi ya namna mbili kwa wakati mmoja. Kuna lile kuu linalotoka mbali, refu, polepole, na kuna vijiwimbi vya upepo wa pale pale vinavyokatiza juu yake. Huko kwenye picha naona namna moja tu, limekuzwa.

#16 KobeWaWatamu
Shikamoo Nahodha. Sasa hapo ndipo uzi ulipoanza.

#17 Mhariri_Barani
Shikamoo mzee wetu. Ulivyosema ndivyo wanavyohesabu hasa. Bahari ya kompyuta inajengwa kwa kujumlisha mawimbi mengi, marefu na mafupi, kila moja na mwendo wake, wimbi moja juu ya jingine. Ikifanywa vizuri unapata hilo kuu na vijiwimbi. Shida huja mahali maji yanapokutana na kitu: ubao wa chombo, mwamba, mwili wa mtu. Povu na njia ya nyuma ya tezi vinahesabiwa mbali, kwa programu nyingine, na ndivyo vinavyokula muda mwingi wa mashine. Bajeti ikikatwa, povu ndilo la kwanza kutupwa.

#18 Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Sasa nieleze kuhusu ile ya kijana wa Kihindi na simbamarara ndani ya mashua. Ile niliiamini. Nilimwambia mjukuu yule mnyama wamemfundisha.

#19 Mhariri_Barani
Life of Pi, 2012, ya Ang Lee. Mzee, simbamarara wa kweli walikuwepo kwa vipande vichache tu. Sehemu kubwa ni kompyuta, kila unywele. Lakini jicho lako halikukosea kuhusu mashua: ilikuwa mashua kweli, ndani ya tangi kubwa walilojenga Taichung, Taiwan, lenye mashine ya kusukuma mawimbi. Kijana alikuwa analowa kweli, anayumba kweli. Mbingu na bahari ya mbali vikaongezwa baadaye.

#20 Nahodha_Mstaafu
Ndiyo maana goti lilikunja.

#21 Salama_wa_Tanga
Mambo wakuu, niko Tanga lakini huu uzi siupiti. Hiyo hiyo Life of Pi inajibu swali la mtoa mada kwa njia nyingine. Kampuni iliyotengeneza yule simbamarara ni Rhythm & Hues ya California. Februari 2013 ikatangaza kufilisika. Wiki mbili hazijaisha, picha ikachukua Oscar ya athari za picha. Mtu wao alipopanda jukwaani kushukuru na kuanza kutaja hali ya kampuni, wakampigia muziki wa kumshusha. Nje ya ukumbi mafundi wenzake walikuwa wanaandamana.

Hapo mkuu unategemea ubora utoke wapi? Studio inatoa kazi kwa bei ya kukatana, anayetaja ndogo ndiye anayeipata, mwongozaji anabadilisha mawazo mara kumi, bei haibadiliki. Dude la puto linatoka hapo. Kompyuta haina kosa.

#22 Shabiki254
@Salama_wa_Tanga hii naikubali. Black Panther ni mfano. Picha nzima imetulia, mavazi ya kweli, halafu ile vita ya mwisho kwenye reli ya chini ya ardhi, wanaume wawili wa mpira wanarukaruka. Unahisi kabisa kwamba hapa watu walikuwa wanafukuzana na tarehe.

#23 MwanaLangoni
Kwa hiyo mnakubali za siku hizi ni mbaya. Tofauti yetu ni sababu tu.

#24 BintiMkomani
Hapana, usitutie maneno kinywani. Mimi sijakubali kuwa ni mbaya. Unazokumbuka za zamani ni zilizopona. Naomba urudi uangalie The Mummy Returns ya 2001, mwisho kabisa, The Rock anapotokea na mwili wa nge. Ukimaliza njoo unambie za zamani ni bora. Mimi naliiona nikiwa mdogo, na hata hapo nalicheka.

#25 KobeWaWatamu
Aaah ule uso! Kama sanamu ya sabuni iliyoachwa juani.

#26 Shabiki254
Mimi dawa yangu ni moja: tengeneza kwa mikono. Mad Max: Fury Road, magari ya kweli, jangwa la kweli. Top Gun: Maverick, haina CGI hata chembe, ndege za kweli na watu ndani. Ndiyo maana zinapendeza.

#27 Mhariri_Barani
Shabiki, nakuomba usinikasirikie kwa mara ya pili.

Fury Road ina takriban shoti (vipande vya picha) 2,000 zilizopita kwenye kompyuta. Magari ni ya kweli, na jangwa la Namibia ni la kweli, lakini mbingu, dhoruba, kamba zilizofutwa, mkono uliofutwa wa Furiosa, yule dada dereva, rangi yote ya picha, hayo ni mafundi wa kompyuta. Top Gun: Maverick ina kama 2,400. Waigizaji walipanda ndege kweli na nyuso zao zinavutwa na mwendo kweli. Lakini ndege nyingi unazoziona nje ni za kuchorwa juu ya ndege nyingine iliyorushwa kama kielelezo.

Tatizo la kazi hii ni kwamba ikikaa vizuri hakuna anayejua ipo. Hapo hapo watangazaji wanasimama kusema hatukutumia kompyuta, kwa sababu wanajua kina MwanaLangoni wamechoka.

#28 Shabiki254
2,400?? Nani alikuwa anazihesabu?

#29 Salama_wa_Tanga
Waliokesha wakizitengeneza, mkuu.

#30 MwanaLangoni
Mhariri unaongea kama mtu wa ndani. Unafanya kazi gani hasa?

#31 Mhariri_Barani
Arusi 😄. Napiga na kuhariri video za arusi, Malindi mpaka Mambrui. Lakini nawaeleza kisa kimoja, kwa sababu kinahusu.

Kulikuwa na arusi Maweni. Bwana arusi akataka video ya kuingia ukumbini imuonyeshe akitembea na simba ubavuni. Nikamwambia inahitaji muda, akasema kesho jioni inaonyeshwa kwenye skrini ya ukumbi. Nikachukua simba wa tayari, wa kununua mtandaoni, anatembea vizuri, manyoya yanapepea. Nikamweka. Vijana wakapiga makofi, mbinja, simu juu. Bibi yake bwana arusi kakaa mbele na shungi lake, akauliza kwa sauti: "Mbona simba huyu hakanyagi?"

Bibi hajui CGI ni nini. Lakini aliona mambo mawili ambayo ndiyo kazi nzima. Moja, chini ya unyayo wa mnyama mzito lazima kuwe na kile kiza chembamba, na zulia libonyee. Bila hicho, hata umchore kucha moja moja, anaelea. Pili, taa za ukumbi zilikuwa za buluu na zambarau, zinazunguka, na simba wangu aliwashwa na jua la adhuhuri. Mwanga wake umetoka nchi nyingine. Usiku mmoja hautoshi kuyarekebisha hayo, na ndivyo ilivyo kwa wakubwa pia, ila wao usiku wao ni miezi.

#32 KobeWaWatamu
"Mbona simba huyu hakanyagi" itaandikwa kwenye fulana. Naagiza mbili.

#33 BintiMkomani
Bibi apewe kazi Hollywood.

Na mwanga si wa juu tu, unaingia ndani pia. Washeni tochi ya simu, muiweke nyuma ya kidole gizani. Kidole kinakuwa chekundu, kwa sababu mwanga unapenya ngozi, unatangatanga ndani, kisha unatoka mahali pengine. Zamani watu wa kompyuta walionekana wa nta kwa sababu mwanga uligonga ngozi na kurudi kama kwenye sufuria. Yule Gollum wa The Lord of the Rings, 2002, ni kati ya wa kwanza ngozi yake kuhesabiwa mwanga ukipenya, na nyuma yake kulikuwa na mwigizaji, Andy Serkis, aliyetembea, akatambaa na kulia kweli. Ndiyo maana bado anaaminika. Kwa hiyo #23, kuna vitu vilivyokwenda mbele sana.

#34 Nahodha_Mstaafu
Tochi nimejaribu. Kweli.

#35 JiraniWaTana
Nachelewa kwenye uzi lakini nina sababu ambayo hakuna aliyeigusa: kamera. Angalia picha za zamani, kamera iko mahali ambapo mtu anaweza kusimama. Juu ya gari, begani, kwenye winchi. Dinosau anapita juu ya kichwa cha kamera kwa sababu ni mkubwa kuliko aliyeishika. Siku hizi kamera inapita ndani ya mdomo wa joka, inatokea sikioni, inazunguka jengo, inaingia dirishani, bila kupumua. Hakuna binadamu pale. Mwili wangu unajua hakuna binadamu, basi siogopi. Hata dude lingekuwa limetengenezwa vizuri namna gani.

#36 MwanaLangoni
Hii ndiyo niliyoitafuta!! Ile picha ya mashujaa kamera ilikuwa kama nzi.

#37 Salama_wa_Tanga
Lakini mkuu JiraniWaTana, droni sasa zinafanya hayo hayo, kwa kweli. Watoto wa leo wamekua na video za droni. Kwao kamera kuruka si ajabu. Labda hoja yako ni ya watu wa umri wetu.

#38 JiraniWaTana
Droni ina upepo. Inatikisika. Inaogopa waya wa stima.

#39 Shabiki254
Nileteni jibu hili basi. Picha za Kihindi. Stelingi anapiga ngumi moja, watu kumi wanaruka, gari linapinduka, yeye anarekebisha miwani. Hakuna uzito, hakuna kivuli, kamera inazunguka kama tiara. Na hapa Malindi Baahubali iliwasimamisha watu juu ya viti. Mbona pale bibi hakuuliza anakanyaga au hakanyagi?

#40 BintiMkomani
Kwa sababu picha ya Kihindi haikuahidi ukweli. Ilikuambia tangu nyimbo ya kwanza. Lakini nako usizidishe: teaser (kionjo) ya picha yao Adipurush ilipotoka Oktoba 2022 Wahindi wenyewe waliicheka hadi tarehe ikasogezwa mpaka Juni 2023, na ilipotoka bado wakaicheka. Kwa hiyo nao wana mpaka.

#41 KobeWaWatamu
Na studio ya Wakaliwood je? Kule Kampala, Who Killed Captain Alex, helikopta zinaonekana zimekatwa kwa mkasi, damu inaruka kama juisi, na dunia nzima inaipenda. Ilitengenezwa kwa dola 2,000 tu.

#42 Salama_wa_Tanga
Punguza sifuri moja mkuu. Inatajwa kuwa chini ya dola 200. Mwongozaji wake, Nabwana, aliitoa 2010, anahariri kwenye kompyuta alizounga mwenyewe. Na juu yake kuna VJ Emmie anapiga kelele za kuwashangilia mpaka unasahau helikopta.

#43 Shabiki254
Haya, basi DJ Afro, yule msimuliaji wetu wa picha, akiwekwa juu ya hiyo picha ya mashujaa, yale maputo yote yatapona. Mwekeni tu aseme "huyo ameisha" 😂

#44 MwanaLangoni
Mnanitoa kwenye mada.

#45 KobeWaWatamu
Mada ilishavuka Manda zamani sana. Niwaongezee: nilituma picha ya Marafa, yale makorongo ya Nyari, jua la magharibi, mekundu na meupe na njano, kwa jamaa yangu aliye Uingereza. Akanijibu: "kazi nzuri ya kompyuta, ila rangi umezidisha." Simu ya kawaida hiyo, sikugusa kitu. Sasa tumefika mahali ambapo ukweli wenyewe unaonekana CGI. Hilo mtalielezaje?

#46 JiraniWaTana
Hilo linanitia wasiwasi zaidi ya dinosau.

#47 Mhariri_Barani
Lina historia. The Lion King ya 2019: kila unachokiona ni kompyuta isipokuwa shoti moja. Mwongozaji, Jon Favreau, alisema mwenyewe kwamba ile ya kwanza kabisa, jua linachomoza, ndiyo ya kamera ya kweli. Alitaka kuona kama kuna atakayegundua.

#48 BintiMkomani
Na hiyo picha ni ushahidi kwamba kufanana na kweli hakutoshi. Simba wale wanafanana na wa Tsavo kabisa, manyoya, vumbi, nzi. Kisha mfalme anakufa na uso wa mtoto wake haubadiliki, kwa sababu simba wa kweli hana nyusi za kulilia. Katuni ya 1994 ilinitoa machozi. Hii nilikuwa nahesabu manyoya.

#49 Shabiki254
Tukiwa kwa simba wa Tsavo: The Ghost and the Darkness, 1996. Simba kwa sehemu kubwa walikuwa wa kweli, hakuna ubishi. Mhariri usiniguse hapa.

#50 Mhariri_Barani
Sikugusi. Nakukumbusha tu kwamba wale wala watu wa 1898 hawakuwa na manyoya shingoni, ngozi zao ziko Chicago watu wanaziona. Kwenye picha wakawekwa wenye manyoya, na ikapigwa Afrika Kusini. Simba wa kweli, Tsavo ya uongo.

#51 Shabiki254
😩

#52 Nahodha_Mstaafu
Mjukuu ananiuliza, nami nawauliza. Ile ya maharamia wa Kisomali na meli ya Wamarekani, na Tom Hanks. Bahari ile haikuwa ya kwetu. Rangi siyo.

#53 Salama_wa_Tanga
Mzee wetu, Captain Phillips ilipigwa Malta, bahari ya Mediterania. Jicho lako halizeeki.

#54 Nahodha_Mstaafu
Nilisema. Maji ya huku wakati ule yana ukijani na ukungu wa chumvi. Yale yalikuwa maji ya wino.

#55 MwanaLangoni
Haya. Mpaka sasa nina: walitumia kidogo (Mhariri), tivii na flashi (Fundi), pesa na muda (Salama), mbaya za zamani tumezisahau (Binti), kamera ya nzi (Jirani), na Kobe bado anasema ni utoto wangu. Mimi naenda na Jirani, na nusu ya Salama.

#56 KobeWaWatamu
Bado nasema. Hao watoto waliogopa kwa sababu nyinyi wakubwa mlinyamaza. Mtoto hasomi skrini, anasoma ami yake. Mngepiga soga kwenye dinosau kama mlivyopiga kwenye mashujaa, nao wangelala.

#57 BintiMkomani
...hii kidogo ina maana.

#58 MwanaLangoni
Haina maana. Ami alikuwa jikoni anatafuta chai.

#59 JiraniWaTana
Basi rudieni. Ijumaa nyingine, watoto wengine, anza na dinosau kisha mashujaa, na wakubwa wote waondoke uani.

#60 Shabiki254
Wakubwa wakiondoka nani atalinda njugu?

#61 Amina_Kisumu_Ndogo
Habari za leo. Mimi sina ubishi, nimefuata maelezo ya @FundiTivii_Malindi kwenye #10, nikaizima ile ya kulainisha. Kwangu picha imekuwa nzuri, inafanana na sinema. Tatizo ni mamangu. Anasema tivii sasa inakwamakwama, nimeiharibu, na tamthilia yake ya Kihindi haiangaliki. Anataka irudishwe ilivyokuwa leo hii. Nifanyeje?

#62 FundiTivii_Malindi
Dada Amina, tivii nyingi zinahifadhi mpangilio wa kila mlango peke yake. King'amuzi cha mama kiache HDMI 1, washa ulaini huko. Flashi na vitu vyako viende mlango mwingine, zima huko. Ukibadilisha chanzo, kila mmoja anapata yake. Ni tivii gani?

#63 Amina_Kisumu_Ndogo
Haina jina. Mbele pameandikwa SMART tu.

#64 FundiTivii_Malindi
Basi piga picha menyu uitume hapa, tuangalie.